Unga Usiokaangwa

Lari, 14 Mei 1989

Mjukuu wangu Delfina,

Pokea salamu zangu na za wote wanaokumbuka kwamba wewe ni mtoto wa hapa. Mimi ni mzima. Goti linauma, lakini goti si habari. Simbilisi wamezaana mpaka wanakanyagana jikoni. Ng'ombe mwekundu wa Don Gumersindo alivunja ukuta akaingia kwenye majani yangu ya alfalfa yakiwa bado na umande, akala, akavimba kama ngoma, ikabidi wamtoboe ubavuni kwa kisu ili hewa itoke. Akapona. Halafu Gumersindo akaja kunilaumu mimi! "Alfalfa yako ina shetani, Mama Eustaquia." Nikamwambia, "Shetani gani? Ng'ombe wako ni mlafi kama mwenyewe." Watu wakacheka, akaokota kofia yake akaenda.

Sasa sikiliza. Picha uliyonitumia nimeiona. Umekonda. Mashavuni una wekundu kama mtu aliyechapwa makofi mawili, kulia na kushoto. Unasema ni jua. Jua gani la Lima, mji uliokaliwa na wingu kama mayai yaliyokaliwa na kuku? Unasema unachoka kabla jua halijapanda, na vidole vinauma kwenye mashine. Nilikufundisha kutarizi ukiwa na miaka tisa. Ulikuwa unatarizi ukingo mzima wa sketi, ndege na maua yote, kisha unainuka kwenda kucheza. Hapo usinidanganye kwamba ni kazi. Hiyo ni damu nyepesi. Mama yako alianza hivyohivyo, nikamzika akiwa na miaka ishirini na minne. Wewe una ishirini na miwili. Sisemi zaidi.

Nimempa Fortunato wa basi mfuko mweupe. Ni mbegu za alfalfa. Nimezilowesha, nikazifunga kwenye kitambaa mpaka zikachipua, nikazianika kivulini, nikazisaga kwenye jiwe. Sikuzikaanga, maana moto unaua nguvu ya mbegu. Kila asubuhi vijiko vitatu vikubwa kwenye maji, kabla hujatia kitu kingine tumboni. Ni chungu. Nami sikukuuliza kama unapenda.

Bibi yako,
Eustaquia Checca


Lima, 25 Juni 1989

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na Don Gumersindo amejenga ukuta wake. Mimi nipo. Gladys, yule tunayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu sana.

Mfuko umefika. Gladys alionja akatema dirishani. "Dada, hiki si chakula cha ng'ombe?" Nikamwambia, "Ndiyo, na bibi yangu ana nguvu za ng'ombe wawili, kwa hiyo nyamaza." Nakunywa kama ulivyosema, vijiko vitatu, kabla ya chai. Sijaruka hata siku moja. Nikinywa nasikia harufu ya shamba letu, na hiyo peke yake ni nusu ya dawa.

Kazini kuna oda nyingi za sare za shule. Siku mbili hizi mwenye karakana amenihamishia meza ya kukata nyuzi, kwa sababu vidole vinavimba asubuhi, nikishika sindano inadondoka. Ni kwa muda tu. Nywele nazo zinabaki kwenye kitana, kidogo. Mengine tutaongea nikija.

Usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako,
Delfina


Lari, 6 Agosti 1989

Delfina,

Barua yako imezunguka wiki sita kabla ya kunifikia. Angepewa kobe ingefika mapema. Huku baridi imekausha kila kitu, maji ya mfereji yanaamka yakiwa kioo, na mtoto wa Gumersindo ameoa. Nimecheza mpaka goti likanikumbusha umri.

Nywele "kidogo" ni ngapi? Na hayo "mengine" tutakayoongea ni yapi? Nina masikio na nina macho, ila sina mabawa ya kuja kukuchungulia. Andika.

Kuhusu dawa, tatizo ni kipimo. Uliondoka hapa ukiwa na damu ya mlimani, huko umeigeuza maji. Vijiko vitatu havitoshi. Kunywa sita, vitatu asubuhi na vitatu jioni. Nakutumia mfuko mkubwa zaidi. Mwanamke akijifungua hapa tunampa mbegu hizi, anainuka. Mzee Teodoro alikuwa amekwisha kuandaliwa jeneza, akapewa, mpaka leo anaiba viazi vya watu. Usiniletee maneno ya Gladys. Gladys alizaliwa penye lami.

Bibi yako


Lima, 17 Septemba 1989

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ulicheza harusini. Ningekuwepo ningekushikia kofia.

Nilikuwa hospitali, Bibi. Usishtuke, nimetoka. Miguu ilivimba, mkojo ukawa na povu kama maji ya sabuni, Gladys akanibeba kwa nguvu. Daktari wangu anaitwa Arrieta, mtu mzima, mpole, ana masikio makubwa. Amesema nina ugonjwa unaoitwa lupus. Hauambukizi. Umegusa viungo na ngozi, na sasa umeanza kugusa figo. Amenipa vidonge vinavyonifanya uso uwe wa mviringo kama mkate. Ukiniona utasema nimenenepa, utafurahi bure.

Nina ombi moja. Usitume tena unga wa alfalfa. Daktari ana dawa zake, naye hapendi dawa zichanganywe. Ni hivyo tu. Uliobaki nimewapa majirani wenye kuku.

Badala yake nitumie machica, ule unga wetu wa shayiri iliyokaangwa. Mdomoni nina vidonda, mkate unanikwaruza, lakini machica ukiuchanganya na maziwa unateleza. Nikifikiria machica mate yananijaa.

Usikasirike. Nakujua.

Delfina


Lari, 15 Oktoba 1989

Mjukuu wangu,

Nimepata barua. Nimeisoma mwenyewe, mara mbili, ingawa nilisoma madarasa mawili tu.

Sikukasirika. Kwa nini nikasirike? Nimelea watoto sita, nimezika wanne, nimewasimamisha wagonjwa wa kijiji kizima kwa mikono hii. Halafu mtu mwenye masikio makubwa anakuambia dawa ya nyumbani kwenu haifai, nawe unawapa kuku. Kuku! Mbegu nilizozichagua moja moja! Sawa. Daktari amesoma. Mama yako pia alikuwa na daktari aliyesoma, alikuja kutoka Chivay na mkoba.

Umeomba machica. Nakutumia machica, mfuko huu. Nimesaga mwenyewe. Ukiona rangi ina ukijani kidogo, hiyo ni shayiri iliyovunwa mapema, mvua ilinitisha. Ladha pia huenda ikawa na uchungu kwa mbali. Weka sukari. Kula, usiulizeulize. Kula asubuhi na jioni, na mfuko ukiisha niambie.

Simbilisi wazima. Gumersindo bado hajajenga ukuta.

Eustaquia Checca


Lima, 10 Desemba 1989

Bibi yangu,

Shikamoo, na mapema nikutakie Krismasi njema. Machica imefika, yote. Nilipofungua mfuko nililia, Gladys akadhani nimepata habari ya msiba. Ni chungu kidogo kweli, lakini nadhani ni ulimi wangu, vidonge vimeniharibia ladha ya kila kitu. Ndicho chakula pekee kinachopita. Nakula asubuhi, nakula jioni, mchana Gladys akiniona nimekaa kimya ananikorogea kikombe kingine. Ninakushukuru kwamba ulinielewa.

Nilikaa hospitali tena siku chache. Damu imepungua, figo hazijatulia. Dokta Arrieta anakuna kichwa. Aliniambia, "Binti, mwezi wa Oktoba ulikuwa unapanda. Mstari wa vipimo vyako ulikuwa unapanda vizuri. Sasa nini?" Nikamjibu, "Dokta, wewe ndiye mwenye mstari, mimi nina miguu tu." Akacheka, lakini macho hayakucheka. Ameongeza vidonge.

Mwenye karakana amempa mtu mwingine mashine yangu. Si mtu mbaya. Kazi haingoji.

Salamu kwa wote. Ukienda kanisani usiku wa Krismasi, niwashie mshumaa mmoja.

Delfina


Lari, 31 Desemba 1989

Delfina mwanangu,

Mshumaa nimewasha, mnene, si ule mwembamba wa Gumersindo ambao hata nondo hauoni. Mvua zimeanza. Mlima unavuta maji kama mlevi, na usiku tunasikia mawe yakishuka.

Unasema chakula pekee kinachopita ni machica yangu. Basi unaona? Nani anakulisha, mimi au huyo mwenye mistari? Usife moyo. Mwili ulio taabani hauinuki siku moja, kwanza unapigana. Unaposikia vibaya zaidi ujue ndipo dawa inapopigana na ugonjwa, nimeona hivyo kwa wengi. Nakutumia mfuko mwingine, na huu nimeuongezea nguvu. Ni mchungu kuliko ule. Kula wote.

Nimemwambia Fortunato asiufungue hata kwa kunusa. Akaniuliza, "Mama Eustaquia, umeweka dhahabu?" Nikamwambia, "Nimeweka mjukuu wangu. Endesha polepole."

Bibi yako


Lima, 20 Januari 1990

Bibi yangu,

Shikamoo. Mfuko umefika salama, mwambie Fortunato ni muungwana.

Leo nitaandika yale niliyokuficha, kwa sababu Gladys amenigombeza, na kwa sababu sijui nitakuwa na vidole vya kuandikia mpaka lini. Nisamehe. Sikutaka uumie.

Mwezi wa Septemba sikukuambia ukweli kuhusu unga wa alfalfa. Nilisema daktari hapendi dawa zichanganywe. Alivyosema hasa ni hivi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniuliza, "Unakula nini kila siku? Kila kitu, hata cha bibi yako." Nikamtajia. Nilipotaja mbegu za alfalfa zilizochipua, aliweka kalamu chini.

"Nani kakuambia zinaongeza damu?"

"Bibi yangu. Zinaongeza nguvu ya mwili."

"Ndiyo tabu yenyewe," akasema. "Mwili wako hauna upungufu wa nguvu, binti. Kila mtu ana askari katika damu. Vijidudu vikiingia, mwili unatengeneza kingamwili, mikuki midogo, kila mkuki umechongwa kwa adui wake. Kwako wewe askari wamesahau adui ni nani. Wanachonga mikuki ya kuchoma figo zako, ngozi yako, vidole vyako. Usiku na mchana wanachonga. Halafu unawapelekea chuma zaidi."

Akanieleza kwamba katika mbegu ya alfalfa, hasa ikiwa mbichi au imechipua, mna kitu ambacho mmea unakitengeneza ili kujikinga na wadudu. Kinafanana sana na kitu kimoja ambacho mwili hujengea nyama yake. Mwili unakosea, unajengea hicho, kama fundi aliyepewa tofali bovu lenye umbo zuri. Na wale wasimamizi wa kuwaambia askari "basi, inatosha" wanalegea. Kuna watu waliowalisha nyani mbegu hizi, nyani wakapata ugonjwa kama wangu. Anasema kwa mtu mzima wa afya huenda zisifanye neno. Hakusema kwamba zilinipa ugonjwa, huenda nilizaliwa nao, huenda ndio uliomchukua Mama. Lakini kwa mtu aliye nao, anasema, ni kumwamsha mbwa kwa teke. Huenda moto mkali unaivunja nguvu yake, lakini akaniambia nisijaribu, hata kijiko.

Sikukuandikia hayo kwa sababu nilijua ungejilaumu. Wewe hukujua, wala mimi sikujua, hata daktari wa kwanza aliyenipima hapa, kabla ya Arrieta, hakujua. Niliacha siku ileile, na kweli nikaanza kupanda. Oktoba niliweza kushika sindano! Ndipo nikaanguka tena, na hakuna anayeelewa. Juzi Dokta Arrieta ameniuliza mara ya tatu, kwa ukali, "Una hakika hugusi ile alfalfa?" Nikamwapia kwa kaburi la Mama. Akasema, "Basi ni ugonjwa wenyewe, nami itabidi nitumie dawa ambayo nilitaka kukuepusha nayo." Ni dawa ya kuua askari wote, wazuri na wabaya. Anasema figo zikipoteza kidogo tena, hazirudi.

Basi hiyo ndiyo siri yangu. Sasa nimepumua. Naendelea na machica yako, mfuko mpya ni mchungu lakini nakaza roho.

Niombee.

Delfina


Lari, 5 Februari 1990

Delfina,

USILE ULE UNGA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata Gladys aone kabla hajakukorogea kikombe. Ule mfuko ulio nao, na wowote uliobaki wa mwanzo, mwaga. Usiwape kuku, kuku huliwa. Mwaga chooni.

Sina salamu leo. Barua yako imefika mchana, nimeisoma nimesimama, nikaketi chini jikoni katikati ya simbilisi.

Uliomba machica. Nilikutumia machica nusu, na nusu nilitia mbegu za alfalfa zilizochipua, zilezile, mbichi, nimezisaga laini ili usizitambue. Ule ukijani haukuwa wa shayiri. Katika mfuko wa mwisho alfalfa ni nyingi kuliko shayiri. Nimefanya mimi, hakuna aliyenituma. Sitajificha nyuma ya uzee wala nyuma ya kutosoma. Uliniambia nisitume, nikaona umenivunjia heshima, nikasema moyoni, atakula bila kujua, atapona, kisha nitamwambia, na huyo daktari nitamcheka mpaka jino langu la mwisho lidondoke. Nilidhani nakupa nguvu wewe. Kumbe nilikuwa nawapa wale askari.

Unajua, katika miaka yangu yote sijapata kuona funza katika ghala langu la mbegu hizo. Shayiri wanatoboa, mahindi wanatoboa, maharage wanatoboa. Zile hawagusi. Nilikuwa najivunia. Nilidhani ni baraka.

Na wewe nawe! Kwa nini hukuniambia Septemba? Uliogopa nitaumia? Mimi ni yai? Nimezika watu wazima nikarudi kukamua ng'ombe siku hiyohiyo. Ungeniambia, ningelaani siku mbili, siku ya tatu ningekukaangia shayiri safi. Umenifanyia adabu, na adabu yako imekaribia kukuua, na kiburi changu kimeishika mkono. Tumekutana wawili.

Nenda kwa Arrieta sasa hivi. Mwambie, "Bibi yangu alinilisha kwa siri." Tumia maneno hayohayo, usiyapambe. Mwambie asikupe ile dawa ya kuua askari wote kabla hajajua jambo hili. Mwambie uliapa kwa haki, hukusema uongo, mwongo ni mimi.

Simu ya Chivay imekufa, nguzo zimechukuliwa na maji. Barua hii nampa Fortunato mkononi, anaondoka alfajiri. Nimemwambia nitamlaani mpaka kizazi cha saba akichelewa.

Eustaquia


Lima, 9 Februari 1990

Bibi,

Shikamoo kutoka kwa Delfina. Mimi ni Gladys, ninaandika anavyonitajia, maana vidole vyake leo havifungiki. Kaka yangu anasafiri kwenda Arequipa kesho, ataipeleka mpaka stendi ya mabasi ya huko juu.

Anasema hivi: Bibi, hujambo? Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi uliopita, nadhani ni mvua. Au umekasirika? Usikasirike, Bibi. Kama nimekuumiza, nigombeze kwa barua ndefu, nitafurahi kuisoma.

Anasema: nimelazwa tena, kitanda cha dirishani, naona mnazi mmoja na ukuta. Dawa mpya wataanza wiki ya pili kutoka leo, wakishapima mara moja zaidi. Dokta Arrieta ananihurumia. Chakula cha hapa ni supu isiyo na jina, lakini Gladys ananiletea machica yako kwenye chupa ya maziwa, ananiingizia chini ya shali kama mwizi, tunacheka. Nakunywa yote kwa ajili yako. Mfuko umefika katikati.

Anasema: ukienda shambani, nikatie tawi moja la mti wetu wa molle uweke kwenye bahasha. Nataka kunusa.

Hapa anasinzia. Mimi Gladys naongeza: Mama Eustaquia, hali yake si nzuri. Kama unaweza kuja, njoo.


Kwenye maporomoko, njia ya Chivay, 17 Februari 1990

Delfina,

Naandika juu ya goti, kwenye jiwe, mvua imenyamaza kidogo.

Mlima umeshuka juu ya barabara kati yetu na kijiji cha Ichupampa. Leo nimeshuka mpaka hapa kwa miguu kuuliza habari. Nikakuta basi la Fortunato limesimama upande wetu, matairi yamezama kwenye tope. Wanaume wa upande wa pili wanavusha mizigo mgongoni juu ya matope, gunia la barua za kuingia nalo limevushwa. Ndimo ilimokuwa yenu ya tarehe tisa. Nimeisoma hapahapa, watu wananitazama.

Nikamuuliza Fortunato, "Na barua zetu za kutoka ziko wapi?"

Akainuka kwenye kiti chake. Alikuwa amelikalia gunia. Amelifanya mto.

"Mama, hakuna aliyeniambia nilivushe. Nangoja barabara ifunguliwe. Barua hazina miguu."

"Lakini wewe unayo, mwanaharamu!"

Nikamfungulisha. Nikaingiza mkono mpaka begani. Ilikuwa humo, ya tarehe tano, imelowa pembeni, maneno makubwa yamechuruzika lakini yanasomeka. Siku zote hizi ilikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja kutoka mlangoni kwangu, na wewe unakunywa kwa ajili yangu.

Fortunato analia sasa. Namwacha alie, sina muda wa kumfuta. Amesema atanishika mkono tukivuka, maana tope bado linatembea, na jana lilimmeza nyumbu wa mizigo. Nimemwambia akishika vibaya nitamvuta naye. Upande wa pili kuna lori la sufu ya alpaka linaloteremka Arequipa jioni. Kutoka hapo nitajua.

Simbilisi nimemwachia Gumersindo. Mzigo wangu ni shali, barua mbili, na shayiri kavu iliyokaangwa mpaka ikawa kahawia, haina kitu kingine ndani, nitaitafuna mbele ya daktari wako aone.

Najua hutaisoma hii kabla sijafika, maana ninayeibeba ni mimi. Naiandika ili nikiteleza hapa, yeyote atakayeichukua mfukoni mwangu akimbie nayo. Wewe uliyeiokota: Hospitali kuu ya Lima, kitanda cha dirishani, Delfina Checca. Mwambie asinywe kilicho kwenye chupa. Usisimame kuniombea, nenda.

Fortunato ananiita. Navuka.